Umeme na Kombe la Mwachofi

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na mji wa nyanda za juu wenye uwanja wa mbio za farasi. Humo aliishi Bwana Mwachofi, mfanyabiashara wa ngozi, mtu mwenye kitambi cha heshima na tamaa moja: farasi wake ashinde, na yeye ainue kombe watu wakimwona.

Alinunua farasi jike mwekundu, mwenye miguu mirefu, akamwita Umeme. Jina hilo alimpa kabla hajamwona akikimbia.

Mbio za kwanza, Umeme akawa wa mwisho. Mwachofi akarudi nyumbani, mkewe akamuuliza, "Vipi huko?"

"Matope. Umeme hapendi matope."

Akampeleka mji mwingine, kwenye uwanja mkavu. Akawa wa mwisho. "Vipi huko?"

"Jua. Umeme hapendi jua."

Akampeleka mji wa mbali, siku ya mawingu, kwenye nyasi laini kama zulia. Akawa wa mwisho. "Vipi huko?"

"Kuna bibi alifungua mwavuli."

Mkewe akacheka mpaka akakaa chini. "Mume wangu, huyo farasi hapendi kitu kimoja tu, nacho ni kukimbia."

Misimu ikapita hivyo. Kila mkesha wa mbio Mwachofi alipigisha koti lake pasi. Kila baada ya mbio alirudi na koti lile lile, na sababu mpya.

Mpanda farasi wake aliitwa Mwandoe, kijana wa maneno machache. Mwachofi akimfokea, "Mchape! Mbona humchapi?" yeye hujibu, "Bwana, huyu ukimchapa anasimama akutazame."

Mwachofi akamfukuza, akaajiri mwenye mkono mzito. Umeme akachapwa, akasimama katikati ya mbio, mbele ya jukwaa la wageni wa heshima, akaanza kula nyasi.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Siku hiyo Mwachofi hakutafuta sababu. Alishika hatamu mwenyewe, akamkokota Umeme hadi kwa jirani yake, Mama Mkamburi, mjane aliyeuza maji na kuvuta mkokoteni kwa mikono yake.

"Mama Mkamburi, mchukue huyu. Sitaki hata kumwona."

"Nimrudishe lini, jirani?"

"Usimrudishe!"

Basi Umeme akawa farasi wa maji. Asubuhi mtoni, jioni mtoni, mapipa yamejaa, mlima mkali. Mama Mkamburi hakuwa na mjeledi. Alitangulia juu na kipande cha muwa, akaita, "Njoo mwanangu, njooo!" Na Umeme, aliyewahi kukataa kukimbia kwenye zulia, alipanda mlima ule na mapipa yake kama anakwenda harusini. Mapaja yakakaza, kifua kikapanuka. Hakuna aliyetazama, nani humtazama farasi wa maji?

Mwachofi naye alikuwa amenunua farasi mpya, Kimbunga, mweusi, mwenye mbio za kweli. Siku ya Kombe Kuu ikakaribia. Hapo wasimamizi wakatangaza: farasi walioandikishwa hawatoshi, amepungua mmoja, asipopatikana, mbio hakuna.

Mwachofi akazunguka mji mzima, akakosa. Mwishowe akabisha hodi kwa Mama Mkamburi.

"Jirani, niazime Umeme."

"Umeme yupi? Yule usiyetaka hata kumwona?"

"Ajaze nafasi tu. Akimbie, atembee, ale nyasi, shauri yake. Kimbunga wangu apate wa kushindana nao."

"Na akishinda?"

Mwachofi akacheka hadi machozi. "Akishinda, mama, tutazungumza."

Wapanda farasi wote wakakataa kupanda farasi wa maji. Akakubali Mwandoe peke yake, kwa kuwa tangu afukuzwe hakuna aliyempa kazi.

Siku ikafika. Mama Mkamburi hakujua watazamaji hukaa wapi. Akaenda kusimama ng'ambo ya mstari wa mwisho na muwa wake, maana ilikuwa saa ya Umeme kula.

Bendera ikashuka. Kimbunga akatangulia, wengine nyuma yake, Umeme nyuma ya wote. Mwachofi akatabasamu. Wakakata kona. Mama Mkamburi, alipoona mnyama wake yuko mkiani, akaona huruma, akapaza sauti: "Njoo mwanangu, njooo!"

Umeme akasimamisha masikio. Mwandoe akahisi mgongo ule ukibadilika chini yake. Hakuchapa, hakuvuta, aliziachia hatamu zote, akalala shingoni. Umeme akampita mmoja, akampita wa pili, akamfikia Kimbunga.

"Mzuieni!" akapiga kelele Mwachofi. "Mzuieni huyo!" Lakini Umeme alipovuka mstari mbele ya wote, kelele ile ile ikageuka njiani: "Umeme wangu! Umeme wangu!" Na alikuwa analia kweli.

Msimamizi akaleta kombe. "Mwenye farasi ni nani?"

"Mimi," akasema Mwachofi. "Mimi nilimnunua watu wakinicheka. Mimi nilimlisha misimu yote ile ya aibu. Na leo ni nani aliyemleta hapa? Mimi! Nilimwambia mama huyu, akishinda tutazungumza. Basi tuzungumze: niliazima farasi wa maji, sikusema nimeacha ndoto yangu."

"Ulisema nisimrudishe," akasema Mama Mkamburi. "Mlima wangu ndio uliompa miguu. Na leo hakukimbilia kombe lako, amenikimbilia mimi. Wewe ulikuwa unapiga kelele azuiwe."

Mwandoe akavua kofia. "Mama, sauti yako ilifika kwa farasi na kwangu pia. Ningezivuta hatamu, kama nilivyofundishwa, ungeita mpaka jua lizame. Nilifukuzwa kwa kutomchapa. Leo ameshinda kwa kutochapwa."

Msimamizi akamtazama huyu, akamtazama yule. Kombe ni moja na mikono ni jozi tatu, na Mwachofi amevaa koti lake lililopigwa pasi, machozi hayajamkauka.

Haya, nyinyi mliokaa mkinisikiliza, msiniachie mimi kazi hii. Ingekuwa nyinyi ndio msimamizi, kombe mngelimkabidhi nani? Na jioni ile, Umeme angelala zizini kwa nani?