Kilio Kilichosikika Nyumbani kwa Mize

Hebu nijibu kabla hujajinyoosha hapo ulipokaa: mwanamke akikwambia amezaa na amefurahia, wewe kinachokukera ni nini?

Usinitazame hivyo. Wanaokerwa wapo, na wengine tumekaa nao hapa. Mwambie mtu kwamba ulizaa ukazimia, ukaiona ahera ukarudi, atakusogezea mto wa kuegemea. Mwambie ulizaa huku unacheka, ataanza kukuchunguza tumbo.

Hapo zamani, zamani ya watu waliolima muhogo na kusuka mikeka, palikuwa na kijiji mlimani kikiitwa Chamkono. Nyumba zake zilibanana hivi kwamba mtu akipiga chafya huku, anaombewa afya kule. Na Chamkono mtoto wa kwanza alizaliwa kwa kelele. Hiyo ilikuwa sheria, ingawa hakuna aliyekumbuka kuitunga. Mwanamke akishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, majirani walikusanya ukili wao, wakaja kukaa barazani, wanasuka na kusikiliza. Walisikiliza kama watu waliokwenda ngomani.

"Hiyo ilikuwa nzuri."

"Wapi! Hiyo ya kujikwaa kidole tu."

"Mngemsikia Bi Kazija enzi zake. Mbuzi walikata kamba."

Na asiyelia? Asiyelia alikuwa ameshazaa kwingine akaficha. Njia imeshazoea, walisema, ndiyo maana hana la kulilia. Binti mmoja wa upande wa kisimani alizaa kimya. Alirudishwa kwao na mtoto mgongoni, na mumewe akaoa mwingine mwenye sauti.

Kijiji hicho ndicho alichoolewa Mize. Alitoka ng'ambo ya bonde, akaolewa na Vuai, mtoto wa kiume wa huyo huyo Bi Kazija wa mbuzi kukata kamba. Mize akashika mimba, na wanawake watatu wakamshika Mize.

Wa kwanza ni Bi Kazija mwenyewe, mama mkwe. Yeye aliamini mlenda. Mlenda asubuhi, mlenda jioni, bakuli limejaa, unavutika kama gundi.

"Kunywa, mwanangu. Mtoto ateleze."

Mize alikunywa, akanywa, hadi akaogopa kuegemea ukuta asije akaserereka.

Wa pili ni wifi yake, Raya, dada yake Vuai, kifungua mimba wa Bi Kazija. Raya alikuwa na hadithi moja kwa kila mtoto aliyemzaa, na kila hadithi ilikuwa na damu mpaka mlangoni.

"Wifi yangu, sikutishi," alianza kila mara, na hapo ujue unatishwa. "Umewahi kuona gogo linavyopasuliwa kuni? Basi gogo ni wewe. Mama aliponizaa mimi alilia kijiji kizima kikasimamisha kazi. Sisi katika ukoo huu tunaumwa kweli kweli."

Alilisema hilo kwa fahari, kama mtu anayekuonyesha shamba la urithi.

Wa tatu ni mkunga, Bi Mwanapili, mwanamke mpana, kiziwi. Sikio moja lilikwisha kufa na la pili lilisikia linalolitaka. Yeye hakutisha wala hakubembeleza. Alimpapasa Mize tumbo, akasema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, "Kamekaa vizuri haka! Katatoka!" Akaomba muhogo wa kuchoma, akaenda zake.

Siku ikafika. Ilikuwa asubuhi, jua limeanza kupata nguvu, Mize yuko uani anamenya muhogo. Kitu kikamkamata mgongoni, kikazunguka mpaka mbele, kikamkamua kama nguo inavyokamuliwa huku na huku, kikamwachia. Mize akasimamisha kisu. Akangoja. Akajiambia, huu sio. Gogo halipasuliwi hivi. Akaendelea kumenya.

Kikarudi. Akasimamisha kisu, akangoja, akaendelea kumenya.

Bi Kazija aliyekuwa anachochea moto alimtazama kwa muda, akaja akamnyang'anya kisu. Vuai akaambiwa ashike jembe aende shamba la mbali, maana wanaume wa Chamkono hawakutakiwa karibu. Mkunga akaitwa. Na majirani, ambao hawakuitwa, wakaja na ukili wao wakajaza baraza.

Chumbani Bi Mwanapili alitazama huku na huku. Raya alikuwa ameshaanza, "Wifi yangu, sikutishi." Bi Mwanapili akamshika bega akamtoa. Bi Kazija alikuwa mlangoni na bakuli lake. Bi Mwanapili akamgeuza, yeye na mlenda wake, akamtoa. Akafunga mlango, akaweka komeo.

Halafu hakufanya kitu. Alikaa chini.

Mize alitembea. Akachoka kutembea, akamshika mkunga shingoni, wakayumba pamoja kama wazee wawili wanaokumbushana ngoma ya ujana wao. Kitu kikija kumkamua, Mize alipumua mpaka chini kabisa. Kikimwachia, alijisikia mwepesi, ana joto jema, ana njaa. Aliomba kiazi akapewa kiazi. Alipomaliza kukila alikuta anatabasamu, akashindwa kujua anamtabasamia nani.

Kuumwa aliumwa, nisikudanganye. Kila kimoja kilikuja kikubwa kuliko mwenzake, na kimoja kilimfanya aume kanga. Lakini mwili ulikuwa wake, na ulijua unakokwenda, na yeye aliufuata.

"Bibi," akauliza, "uchungu wenyewe unaanza lini?"

Bi Mwanapili alikuwa anamtazama miguuni. "Chuchumaa."

"Bibi, mimi naungoja ule wenyewe."

"Chuchumaa, mwanangu, kichwa hiki hapa!"

Mize akachuchumaa bado anangoja. Mtoto akatoka akiwa na haraka zake, wa moto, wa kuteleza, wa kike. Akawekwa kifuani, akafumbua jicho moja tu, kama anayeuliza kelele za nini na wakati hapakuwa na kelele. Mize akaanza kucheka. Alicheka mpaka asisikie kingine, mpaka mtoto akawa anapanda na kushuka kifuani kwake.

Barazani nako vigelegele vikalipuka. "Amelia! Amelia vizuri! Mke huyo!"

Mize akaacha kucheka. Nani kalia?

Wageni wakaingia mmoja mmoja na uji wa pilipili manga na mafuta ya nazi. Jirani wa mlango wa pili, Bi Tufaha, mwanamke ambaye ulimi wake ulifika kila mahali kabla ya miguu yake, akamkumbatia.

"Hongera. Tumekusikia."

"Mmesikia nini?"

"Ulivyolia! Mimi ukili ulinitoka mkononi."

Mize akamwuliza Raya. "Wifi, mimi nililia?"

"Uliniliza na mimi."

Akamwuliza mumewe. "Nililia?"

Vuai akainamisha kichwa. "Sauti ilifika shambani, Mize. Niliacha jembe nikakaa chini. Nilisema basi, nimeua mtoto wa watu."

Akamwuliza mkunga karibu na lile sikio linalochagua. "Bibi, nililia?"

"Unaniuliza mimi?" Bi Mwanapili akashangaa. "Mwanangu, mimi hata radi naiona tu."

Hapo ndipo Mize alipoanza kupotea. Alikuwa na asubuhi yake, ameikunja vizuri moyoni: kiazi, kuyumba, jicho moja la mtoto. Lakini watu wote walikuwa na asubuhi nyingine, na wao walikuwa wengi. Alipokuwa anamwogesha mtoto alijipapasa koo. Halikumwuma. Anayepiga kelele za kufika shambani, si anapaswa kupwelewa na sauti? Au nililia nikasahau? Wanasema mtu husahau. Au ni kile kilichonifanya niume kanga? Kanga hailii. Alijaribu kukitafuta kile kilio kichwani mwake, akakikosa. Siku iliyofuata akakitafuta tena, akaona kama anakisikia kwa mbali, akaogopa zaidi.

Maana alijua yuko wapi. Akisema hakulia, njia ya kurudi kwao ng'ambo ya bonde ilikuwa wazi, na mtoto mgongoni. Akikubali kwamba alilia, asubuhi yake imekwenda, na mtoto wake atakua akiambiwa kwamba alimpasua mama yake kama gogo.

Arobaini ikafika. Na Chamkono ilikuwa hivi: siku mtoto anapotolewa nje, mama yake anataja mbele ya watu ni nani aliyesaidia kuliko wote ujio wake uwe mwema. Mtoto wa kike akapewa jina la mtu huyo, wakawa masomo, yaani watu wa jina moja, yeye na somo wake, mpaka kufa. Jina likishatamkwa halirudi kinywani.

Wanawake walijaa ukumbini. Wanaume walikaa nje ya mlango, Vuai akiwa karibu zaidi, shingo imemrefuka. Mize akasimama na mtoto.

Raya hakungoja kuitwa. "Mimi simung'unyi maneno. Wifi alikuja hapa hajui kitu. Nilimwambia atapasuliwa. Kulia alilia, lakini alipofika penyewe akakuta si kama alivyotegemea, akaona nafuu. Ile nafuu imetoka wapi? Kwangu! Ningemwambia ni jambo dogo, kile cha kwanza tu kingemtoa roho kwa mshtuko. Mtoto ni Raya."

Mize akawaza: kweli. Kila kilipokuja nilikipima na gogo, nikakiona kidogo.

Bi Mwanapili akaguswa goti kwamba zamu ni yake. "Mimi niliwatoa!" akanguruma. "Huyu na hadithi zake, yule na bakuli lake. Kazi yangu ni kufunga mlango. Na nisikufiche, mimi sisikii. Mkunga anayesikia kelele za barazani anaingiwa na haraka, anaanza kuvuta kisichotaka kuvutwa. Mimi sikuvuta. Mtoto ni Mwanapili."

Mize akawaza: hilo nalo kweli. Ule mlango ungekuwa wazi, nisingetabasamu mimi.

Wakamgeukia Bi Kazija. Alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani. "Mimi nilimpa mlenda," akasema.

"Mama, sema vizuri!" Raya akamsukuma. "Miezi yote ile, unasema mlenda tu?"

"Ndiyo nilichompa mbele yenu."

Bi Tufaha akapiga makofi. "Haya, Mize, taja! Wewe uliyelia mpaka tukakusifu, utuambie nani alikupunguzia."

Mize akafungua kinywa kutaja jina, na kilichotoka si jina.

"Mimi sikulia."

"Wifi, nyamaza," Raya akanong'ona.

"Sikulia. Nilicheka. Nilikula kiazi. Ile ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote nilizopata kuamka, na ninyi mmenizunguka na kilio mpaka nimeanza kukisikia na mimi."

Ukumbi ukachafuka. "Kumbe!" Bi Tufaha akasema, na neno lake likaenda mpaka nje kwa wanaume. "Asiyelia tunamjua. Huyu si mtoto wake wa kwanza! Vuai, mwanangu, unasikia huko?"

Vuai aliingia ukumbini, mwanaume peke yake katikati ya wanawake, akasimama asijue la kufanya na mikono yake.

"Lakini mlisikia," Mize akasema. "Mume wangu alisikia akiwa shambani. Sitaki mnisifu wala mnifukuze kwa koo la mtu mwingine. Naomba neno moja. Kama si mimi, alilia nani?"

"Mimi nilikuwa barazani, watu waliniona," Raya akasema.

"Sisi sote tulikuwa barazani," wakasema wengine.

"Wanasemaje?" akauliza Bi Mwanapili.

Pembeni kule Bi Kazija alikuwa amesimama.

"Nililia mimi."

Wote wakageuka.

"Nilitolewa chumbani, nikakaa jikoni, nikangoja nimsikie. Kimya. Barazani mmeacha kusuka, Tufaha ameshaanza kukohoa kile kikohozi chake cha mashaka. Mara nikamsikia anacheka, nikachukua chungu kikubwa, nikatia kichwa ndani, nikalia humo ili sauti itoke nene."

"Ndiyo maana ilifanana na ile ya zamani," akasema mzee mmoja nje ya mlango.

"Mama," Raya akasema, "hata kama. Wewe wa kulia unajulikana. Siku yangu mimi..."

"Siku yako sikulia."

Raya akakaa chini.

"Ulitoka asubuhi kama mtoto wa Mize, ukaja kifuani, nikacheka. Halafu nikakumbuka watu wako nje. Basi nikalia, wewe umeshazaliwa, umelala hapa," akajigusa kifua, "unanitazama. Nilikupigia kelele usoni, Raya, kwa sababu ya watu wa barazani. Ukaanza kutetemeka. Kila ukisimulia jinsi nilivyolia, mimi namwona yule mtoto anavyotetemeka. Sikutaka na huyu afanyiwe hivyo. Nimewadanganya wote, na Mize nimemchanganya akili, naye nilikuwa namwona anavyohangaika, nikanyamaza. Nililia mimi. Mara zote mbili."

Mize amesimama na mtoto. Vuai anamtazama mama yake, Raya anamtazama mama yake. Jina bado halijatamkwa, na watu wanangoja.

Haya, wewe uliyekaa unanisikiliza: aliyemtisha akaona nafuu, aliyefunga mlango akakaa chini, aliyemlilia na kumnyamazia, au yeye Mize aliyechuchumaa mwenyewe na ambaye hakuna aliyemtaja? Mtoto aitwe nani?