Bibi Nakijwa na Mgongo wa Mkwewe

Paukwa!

Pakawa!

Mmh. Hiyo ni sauti ya watu walioshiba kweli? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Wewe sogea huko, mpishe mwenzio akae.

Zamani sana, kabla bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji huko mlimani. Kijiji kile kiliishi kwa mfereji. Maji yalitoka juu, churururu, yakapita shamba hadi shamba, kila mtu na zamu yake. Na sheria ilikuwa moja: zamu hufunguliwa kwa mkono wa mwenye shamba. Si mkewe, si nduguye. Waliiweka hivyo maana watu walikuwa wakiibiana maji, kisha wanasingizia wametumwa. Mwenye shamba asipofika, maji yanapita kwa jirani, naye atangoja mwezi mzima.

Katika kijiji hicho aliishi Bibi Nakijwa. Ah, Bibi Nakijwa! Mfupi, mkavu, mdomo haufungi. Nampenda bibi yule, na sikuwahi kumwona. Alikuwa na sindano nyembamba za chuma, alizofuliwa na mhunzi. Anapitisha moja motoni, anakuchoma kidogo tu, anangoja, maumivu yanaondoka. Lakini hachomi panapouma. Kichwa kikiuma, anakushika mkono, hapa, kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Watu walimcheka, wakapona, wakaacha kumcheka.

Bibi alikuwa na binti, Namcheja, aliyeolewa na Mbonea. Mbonea alikuwa mchapakazi, tena mbishi. Mwaka huo mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele, jua likawa kali, majani yakaanza kujikunja. Zamu yake ya maji ilikuwa kesho asubuhi. Akiikosa, mahindi yamekwisha, na ana watoto watatu, wa kwanza Senzia, wanaotaka kula mpaka mwaka ujao.

Siku hiyo basi, si akainama kung'oa jiwe! Kwa! Mgongo ukamkamata. Akabebwa hadi nyumbani, akalazwa kifudifudi. Jirani mmoja, mjuaji wa kila kitu, akasema akandwe palepale panapouma. Akamkanda kwa ngumi, du, du, du. Mbonea alipiga yowe mpaka mbuzi wakakata kamba. Sasa hata kugeuka hawezi.

Namcheja akakimbia kwa mama yake. Bibi akaja na sindano zake, upesi upesi. Akafika mlangoni, akasimama. Akaupa mlango mgongo, akakaa chini.

Mnajua kwa nini? Ukwe, wanangu. Nyie siku hizi mnakula na wakwe zenu sinia moja, mnachekeana meno yote nje. Zamani zile mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani, wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Na sindano ya mgongo, Bibi alisema, inaingia nyuma ya goti, kwenye mkunjo. Mama mkwe auone mguu wa mkwewe mpaka gotini? Thubutu!

Mbonea aliposikia akang'aka kule ndani. Mgongo uko huku, goti liko kule, akasema, na aachwe afe kwa heshima zake.

Bibi hakukasirika. Akasema, "Namcheja, muulize mumeo. Maji yasipofika shamba la chini, huwa anachimba wapi?"

Kisha Mbonea akajibu polepole kwamba huwa hachimbi pale shambani. Huwa anaufuata mfereji, juu kwa juu, kutafuta palipoziba.

"Ehee. Walionifundisha walisema hata mwilini mna mifereji, na pumzi ya uhai inapita humo. Ikikwama, panauma. Mgongo na goti vinakunywa mfereji mmoja."

Akapeleka mkono nyuma, bila kugeuka, akampa binti yake sindano. Namcheja akairudisha, maana tangu utoto alikuwa akiziogopa. Mama yake akamwambia atachoma yeye, hakuna mwingine. Mimi nitauliza, akasema, mumeo atasema, wewe utabeba maneno.

Namcheja akachoma. Mama akauliza anasikia nini. Mbonea akasema siafu. Namcheja akasema, mama, anasema siafu. Bibi akasema bado, zamisha kidogo. Anasikia nini? Uzito. Mama, anasema uzito. Uzito umekaa wapi? Unashuka, unashuka, unashuka mpaka kisiginoni. Mama, anasema unashuka mpaka kisiginoni.

"Hapo hapo. Toa mkono, tungoje."

Wakangoja. Mbonea akaanza kupumua vizuri. Sindano ilipotolewa, akageuka mwenyewe, akakaa kitandani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakumtuma mkewe, alisema mwenyewe kuelekea mlangoni.

"Mama, hiyo mifereji ipo kweli?"

"Baba Senzia, nimechoma watu miaka hamsini, na huo mfereji sijauona. Wengine husema kijeraha kidogo huuamsha mwili, ukajiletea dawa yake wenyewe. Huenda. Mimi namuuliza mtu anasikia nini, halafu namwamini."

Asubuhi Mbonea akaenda kwenye mfereji, hatua kwa hatua, fimbo mkono huu, mkewe mkono huu. Akainama taratibu, akaondoa udongo kwa mkono wake. Churururu! Mahindi yakanywa.

Yalipokomaa, Mbonea akachoma mahindi ya kwanza mwenyewe. Akayapeleka kwa Bibi, akaingia uani kinyumenyume, naye Bibi akageukia ukuta. Wakakaa mgongo kwa mgongo, wakitafuna na kubishana habari za mvua. Wakafanya hivyo kila mavuno, miaka na miaka. Namcheja ndiye aliyekuwa akichoma watu sindano sasa.

Bibi Nakijwa alipofariki, Mbonea alilia kuliko watoto wa Bibi mwenyewe. Wazee wakamhurumia. Wakamwambia mila imekwisha, anaweza kuingia amtazame uso mara moja kabla hajazikwa.

Mbonea akatikisa kichwa. "Namjua," akasema, akachukua jembe akaenda kuchimba kaburi.

Basi wanangu, mtu akilia mgongo, usikimbilie kumpiga ngumi. Muulize, kisha umsikilize. Mimi hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye mabega aibebe.