Chungu cha Uji Kisimani

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni. Na yule aliyekaa nyuma kabisa, mwiteni aje mbele. Hapo zamani za kale, mto ulikauka, wanyama wakaanza kuchimba kisima kipana.

Nyati ndiye msimamizi. Amri zilitoka kwa Nyati, lakini habari zilitoka kwenye chungu cha uji. Nani mgonjwa, nani kanuna, wapi pana mwamba: yote yalisemwa pale chunguni, wakati wa mapumziko. Asiyekaa chunguni hakujua kitu.

Muhanga alikuwa mgeni. Pua ndefu, kucha kama majembe, chakula chake mchwa. Siku ya kwanza alikuja chunguni, akakaa. Ngiri akamtazama.

"Bwana wee, pua hiyo itaenea kwenye kibuyu, au tukuletee mtungi?"

Kwa, kwa, kwa! Wakacheka wote. Na nyinyi mnacheka? Haya, chekeni sasa, baadaye hamtaweza.

Muhanga akaondoka. Tangu hapo akala peke yake, kule kwenye kichuguu. Nyumbani akamwambia mkewe, "Nitachimba kuliko wote, mama watoto. Wataniita wenyewe."

Siku moja Kanga akaja chunguni mbio. "Jamani, ukuta wa mashariki una ufa! Pale pasiguswe!"

Nguchiro akasikia. Ngiri akasikia. Wakanywa uji wao, wakahamia magharibi.

Muhanga akarudi kutoka kichuguuni. Akakuta mashariki hakuna mtu. Akafurahi, maskini. "Leo wameniachia nafasi. Leo wataiona kazi yangu." Akashuka. Chwaka! Chwaka! Chwaka!

Ngiri akainua kichwa. "Nani yuko mashariki?"

"Muhanga," akasema Nguchiro. "Kanga, hukumwambia?"

"Nilidhani umemwambia wewe!"

Wakakimbia kwenda kumwita. Poromo! Puu! Kisha kimya.

Walifukua mpaka jua likazama. Wakamtoa, keshakufa. Kucha zake zilikuwa zimekatika zote.

Mkewe akaja, akasimama mbele yao. "Mlijua?"

"Tulijua, shemeji," akasema Kanga.

"Nani alimwambia?"

Ngiri akatazama chini.

"Alikuwa anangoja mmwite," akasema mama yule. Akaketi, akamfuta mumewe udongo puani.

Sikilizeni, watoto, na nyinyi wakubwa mnaokwenda kazini. Mkikaa kikundi mkapeana habari, tazameni nani hayupo, mkamwambie. Na kama hayupo kwa sababu mlimcheka, kifo chake kiko mikononi mwenu.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa kisima ambacho hakuna aliyetaka kunywa maji yake.