Chombo Kilichochoka Kutazama Juu

Mtu mmoja, Shekiondo, alikuwa na kazi moja tu: kutunza chombo kilichojengwa kilimani ili kipime joto la hewa ya juu sana, kule mawingu yasikofika. Kila alfajiri alipanda, akafuta kioo chake kwa kitambaa kikavu, akasoma namba, akaiandika daftarini kwa wino. Miaka ishirini na sita! Watu walimcheka, eti anapima homa ya mbingu. Yeye akapanda tu. Hata siku ya kumzika dada yake alipanda kwanza, ndipo akaenda makaburini.

Basi, hakuna kisichochakaa. Kioo kikaingia ukungu, na chombo kikaanza kutoa namba za ajabu, leo baridi ya kutisha, kesho joto la jikoni. Vipuri vyake havikutengenezwa tena popote. Na hapa, ndugu zangu, msijifanye hamumjui mtu huyu. Shekiondo aliona aibu. Kama mtu anayemjibia baba yake kiziwi mbele ya wageni, akaanza kuandika kwa wino namba ambayo chombo kingeitoa kama kingekuwa kizima. Ile kiliyoitoa aliiweka pembeni kwa penseli, kwa herufi ndogo, maana moyo ulimsuta. Akaenda hivyo miaka miwili.

Barua ikaja kutoka kwa wenye chombo. Chombo kitazimwa, na mhandisi atakuja kuchukua madaftari. Hakuogopa kukosa kazi. Aliogopa kwamba wakiujua uongo wa miaka miwili watatupa yote ishirini na sita, na maisha yake yote yatakuwa takataka.

Mhandisi alikuwa mwanamke, jina lake Nasaria. Alipofika, Shekiondo hakungoja kuulizwa. Alifungua daftari, akamwonyesha wino, akamwonyesha penseli. Mama yule alisoma ukurasa kwa ukurasa. Kisha akachora mstari mwekundu pale uongo ulipoanzia, akasema:

"Baba, kuanzia hapa chombo kilikuwa kimechoka, wewe ukakataa kukipumzisha. Lakini yote uliyoandika kabla ya mstari huu ni kweli, na hakuna atakayeyafuta."

Akamwachia akizime mwenyewe. Mvumo wa chombo aliouzoea miaka yote ukakoma. Shekiondo akakaa chini akalia, kisha, jamani, akacheka, akasema afadhali, afadhali, kama aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Kesho yake alilala mpaka jua likaingia chumbani. Mkewe, Nakijwa, alimgusa paji la uso akidhani anaumwa. Hakuwa na homa yoyote. Alikuwa amelala tu.

Nanyi mnaojibia kila siku kitu kilichokwisha kumaliza kazi yake, hebu niambieni: mnakilinda, au mnauchafua ukweli kilioutoa kilipokuwa kizima?