Handaki la Ngilisho

Sogeeni karibu. Nina kesi iliyonishinda kuihukumu, labda nyinyi mtaiweza.

Huko Mrawi, kijiji cha migomba na kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, watu walianzisha chama cha kutunza historia yao. Walikusanya vyombo vya zamani, waliwarekodi wazee wakisimulia, na kila mwaka waliwaalika wanafunzi waje kuona na kusikia. Fahari yao kubwa ilikuwa handaki. Mababu walilichimba ili kuwaficha watoto na ng'ombe vita vilipokuja. Mdomo wake ulikuwa katika shamba la Ngilisho, mkulima wa kahawa, naye alikubali chama kilitunze.

Katika chama hicho walikuwamo watu watatu ninaotaka muwajue. Bibi Nsia alikuwa na kumbukumbu. Wimbo aliousikia utotoni aliweza kukuimbia uzeeni bila kuruka neno. Anaeli alikuwa na mikono inayoijua ardhi. Alifanya kazi machimboni miaka mingi, na akigusa ukuta wa udongo alijua kama utasimama au utaanguka. Penieli, mkunga wa zahanati, alikuwa na utulivu. Akiingia chumba chenye kilio, kilio kilipungua kabla hajafungua mkoba wake.

Siku ya wageni ilipokaribia, watatu hao waliingia handakini kufanya usafi, wakiwa na fagio, gunia na jembe la kupalilia. Ngilisho aliingia pamoja nao. Wiki nzima mvua ilikuwa imenyesha, lakini asubuhi ile jua lilitoka na hakuna aliyewaza mabaya. Walikuwa wameshafika ndani kiasi cha kutoona mlango waliposikia kishindo kizito nyuma yao. Mdomo wa handaki ulikuwa umeporomoka pamoja na sehemu ya njia. Ngilisho, aliyekuwa wa mwisho, alilaliwa na udongo mguuni.

Taa ya tochi iliwaonyesha ukuta mpya pale palipokuwa na njia. Dari ilikuwa chini, huwezi kusimama. Hewa ilijaa vumbi, na kila aliyekohoa alimtia mwenzake hofu.

Anaeli ndiye aliyevunjika kwanza. Hakuwahi kuwaambia wenzake kwamba aliacha machimbo baada ya kufukiwa. Sasa alijitupa kwenye kifusi akakichimbua kwa kucha, na kila alichochota kiliangusha kingine juu ya Ngilisho. Penieli alimkumbatia kwa nyuma, akauchukua mkono wa Anaeli akauweka kwenye mbavu zake yeye Penieli. Akamwambia, "Kaka Anaeli, usichimbe. Pumua ninavyopumua mimi." Wakakaa hivyo, kifua kwa mgongo, mpaka pumzi zao zikawa moja. Kisha Penieli akautoa mguu wa Ngilisho taratibu, akaufunga kwa mpini wa fagio na kanga yake, huku akizungumza naye habari za kahawa yake. Ngilisho alisema baadaye kwamba bila sauti ile angepiga kelele hadi dari iwaangukie.

Lakini utulivu hauchimbi njia. Anaeli alipopapasa kifusi, safari hii kwa akili, alisema pale hapatoboki. Wakigusa tena wote watafukiwa. Mbele yao handaki liligawanyika njia kadhaa, na hakuna aliyewahi kuzifuata. Tochi ilianza kufifia.

Hapo Bibi Nsia akaanza kuimba kwa Kichaga polepole. Ulikuwa wimbo wa kuwabembeleza watoto, alioufundishwa na bibi yake. Alipofika katikati akaacha, akasema, "Nimeuimba maisha yangu yote nikidhani ni wa usingizi." Maneno yake yalisema: shika ukuta wa kushoto, mwanangu, mpaka usikie nafasi ya ng'ombe, penye ng'ombe moshi hupanda juu, nawe panda nao. Wakaushika ukuta wa kushoto. Walitambaa gizani wakimburuta Ngilisho juu ya gunia, na bibi akiimba mbele ili wasimpoteze. Mara sauti yake ikabadilika, ikawa pana. Walikuwa wametokea kwenye chumba kikubwa, zizi la mababu.

Tundu la moshi lilikuwapo, ila lilikuwa limezibwa na udongo na mizizi. Sasa wote walimgeukia Anaeli. Alipapasa kuta pande zote, akachagua upande mmoja, akawasogeza wenzake kwenye kona aliyoiamini, akaanza kuchimba kwenda juu kwa jembe la kupalilia. Alikata vidato vya kukanyaga, akaacha mizizi inayoshikilia, akakata isiyoshikilia. Mara mbili alishuka akasema hawezi. Mara mbili alipanda tena. Jembe lilipotoboa, mwanga ulimwangukia usoni, na wanawake waliokuwa wakichuma kahawa jirani walikimbilia sauti yake. Wakawavuta wote kwa kamba za kufungia ng'ombe.

Ngilisho aliwaita watatu hao hospitalini, mguu wake ukiwa kwenye plasta.

"Hili handaki nampa mtu aliyenitoa," alisema. "Atakalosema lifanyike, litafanyika. Lakini nampa mmoja. Nimeona mashamba ya ndugu watatu yanavyoishia mahakamani."

Watatu hao walikuwa hawasemi kitu kimoja. Anaeli alitaka lijazwe mawe mpaka juu. Tangu siku ile halali mlango ukiwa umefungwa, na alisema hakuna historia inayostahili mtoto wa shule afie ndani yake. Bibi Nsia alitaka liachwe kama mababu walivyoliacha, watu waingie kwa magoti. Alisema ukilijaza mawe, wimbo wake unarudi kuwa wa usingizi. Penieli alitaka zizi tu lijengewe zege na ngazi, njia nyingine zifungwe. Bibi alimjibu kwamba hilo litakuwa stoo, si handaki.

Chama kiliitisha kikao kikagawanyika. Wapo waliosema bila Penieli wangekufa palepale mlangoni. Wengine wakasema bila Bibi Nsia wangekufa katikati. Wengine wakasema bila Anaeli wangekufa wakiwa chini ya tundu. Watatu wenyewe, waliotoka shimoni wameshikana mikono, siku hizi wanasalimiana kwa mbali, na hakuna anayekubali kumwachia mwenzake.

Masika imerudi Mrawi. Tundu alilotoboa Anaeli bado liko wazi shambani, na watoto wameanza kuchungulia. Ngilisho ameambiwa ataje jina kesho baada ya ibada, naye hajui amtaje nani.

Nimemaliza upande wangu. Nyinyi mliosikia yote, mngemwambia ataje jina gani?