Mrehani wa Bi Mwanakombo

Paukwa!
Pakawa!
Paliondokea nani?
Paliondokea mama, akajenga ua, akangoja.

Haya, sogeeni. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, unanizibia hewa.

Hapo kale palikuwa na mama akiitwa Bi Mwanakombo. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Saumu, na Saumu aliolewa mbali, bara huko, nyuma ya vilima. Sasa Saumu ana mimba ya kwanza. Na desturi mnaijua: mimba ya kwanza mtu huja kuzalia kwa mamake. Basi Bi Mwanakombo akapanda mrehani uani, apate kumfungia mwanawe kikuba cha majani yake yanukiayo, ajipambe siku atakapoingia. Akiumwagilia huuambia, "Fanya hima, mwenyewe yu njiani." Alikuwa na hamu na mwanawe mpaka chakula hakishuki.

Lakini paka wa mtaa, jamani. Miche ikichomoza tu, wanafukua, wanajisaidia, wanafukia, wanakwenda zao. Akapanda tena, wakafukua tena. Akapanda tena, wakafukua tena.

Jirani yake, Bi Rukiya, akachungulia. "Shoga, watilie sumu."

"Astaghfirullah. Nangoja uzazi nyumbani mwangu, nianze kwa kuua?"

Akapanga matawi ya miiba. Paka wakapita katikati. Akatandaza maganda ya machungwa. Wakakunja pua, maganda yakakauka, wakarudi. Akakaa na kopo la maji awarushie matone. Wakapanda ukutani wakamtazama, akachoka yeye. Mnacheka? Ngojeni muwe na bustani.

Siku moja akaosha samaki, maji yake akayamwaga shinani mwa mrehani kuunenepesha, kama ilivyo kawaida yake, na ya mamake, na ya mama wa mamake. Hajamaliza kumwaga, paka hao. Akajishika kichwa. "Kumbe ninawaita mwenyewe."

Hakuwafukuza tena. Alitafuta mchanga mkavu, laini, akaumwaga nyuma ya nyumba penye kivuli, na maji ya samaki akawa anayamwaga huko. Paka wakahamia huko. Mrehani ukastawi, ukanukia mtaa mzima.

"Umewafanyaje?" akauliza Bi Rukiya.

"Sikuwakataza kuja. Nimewapa pazuri kushinda hapa." Alisema hivyo kwa maringo, msidhani vingine.

Akangoja. Akafunga kikuba, kikanyauka. Akafunga kingine, kikanyauka. Akafunga kingine, na mlangoni akatokea mdogo wa mume wa Saumu, peke yake.

"Shikamoo, mama. Saumu anakusalimu sana. Atazalia kwetu."

"Mmemkataza kuja?"

"La, mama. Hakuna aliyemkataza. Mama yetu anamkanda miguu, anampikia uji, kamtengea chumba chenye kivuli. Mwenyewe kasema atakaa."

Bi Mwanakombo akamtekea maji. Hila hiyo aliijua, maana ilikuwa yake. Akamwonea wivu mama yule, akamshukuru pia, na vyote viwili vikamuuma.

"Kunywa maji, mwanangu," akasema. "Kisha tutakwenda sote."

Akaingia uani, akaung'oa mrehani na mizizi yake, akautia kwenye ndoo, akajitwika.

"Na bustani, mama?"

"Bustani ya nini? Niliyempandia hayuko hapa."

Nami nimetua mzigo wangu hapo. Aliyeipenda aondoke nayo, asiyeipenda aniachie. Na mwenye mama yake mbali, kukicha apeleke salamu.