Nyumba Arobaini za Ng'ambo

"Nyumba usiyoipigia hodi usiitie kwenye mia." Ndivyo mwenyekiti alivyomjibu karani wa sensa asubuhi, nanyi wajukuu zangu mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yalizaliwa hapa hapa Kighareni, tena yalizaliwa kwa aibu.

Nakiete alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Mwaka mmoja wilaya iliuliza: katika nyumba mia za Kighareni, ngapi huchemsha maji ya kunywa? Nakiete akazunguka nyumba sitini za upande wa barabara. Hamsini na nne zikasema huchemsha. Arobaini zilizobaki zilikuwa ng'ambo ya korongo, na njia ilikuwa na utelezi. Akasimama ukingoni, akatazama moshi wa mapaa yao, akajiambia, "Watu ni wale wale." Akagawanya hamsini na nne kwa sitini, akazidisha kwa mia, akapata tisini.

Mkutanoni akasoma kwa sauti: "Ingia nyumba yoyote Kighareni. Uwezekano wa kukuta maji yaliyochemshwa ni asilimia tisini." Watu wakampigia makofi. Dawa ya maji iliyokuwa ije kwetu ikapelekwa kijiji kingine.

Masika yalipokolea, kipindupindu kikaingia ng'ambo. Kabla ya wiki kwisha walizikwa watoto wawili. Nakiete akavuka korongo kwenda kuhani. Naetwe, mama wa mmoja wao, akamkaribisha mkekani, kisha akamwuliza taratibu:

"Mwenzangu, ile tisini uliyoisoma, na sisi tulikuwamo?"

"Mlikuwamo."

"Hapa kwangu nani alikujibu?"

Nakiete akainamisha uso. Alitaka kusema njia ilikuwa mbaya, lakini leo ameipita hiyo hiyo, na matope yake bado yako miguuni.

"Sikufika, dada. Niliwajibia."

Naetwe hakumtukana. Alimweleza tu kwamba kuni huwachukua nusu siku kuzitafuta, ndiyo maana hawachemshi, angeuliza, wangemwambia. Nakiete aliona heri angetukanwa.

Kesho yake alipiga hodi nyumba zote arobaini. Zilizochemsha zilikuwa sita: kwa ng'ambo, asilimia kumi na tano. Alipozijumlisha na zile hamsini na nne, kijiji kizima kikapata sitini kwa mia. Ile tisini haikuwa ya kijiji, ilikuwa ya barabarani.

Akaomba mkutano. Akasimama mbele ya wale wale waliompigia makofi, akasoma hesabu ya kwanza, kisha ya pili. Hakuna aliyepiga makofi. Naetwe alikuwa ameketi mstari wa mbele, na Nakiete hakuweza kumtazama.

Dawa ililetwa wiki ile, lakini wawili walikwisha kuzikwa.

"Tuwaandikie nini wilaya kuhusu kosa hili?" mwenyekiti aliuliza.

"Waandikie hivi," Nakiete akasema. "Nyumba usiyoipigia hodi usiitie kwenye mia."